Vidole vitatu

Juzi mwanangu alifungua droo ya chini akatoa kile kisahani cheusi. "Baba, mbona kizito hivi?" Nikamwambia ni paki ya hoki ya barafuni, raba ngumu tu, gramu mia na sitini hivi. Sikumwambia kwamba ndiyo ile yenyewe.

Nilicheza winga wa kushoto, kazi yangu kusimama mbele ya goli na kumziba golikipa asione. Kioo cha kukinga macho sikuvaa, siku zile wengi wetu hatukuvaa. Kipindi cha pili kilikuwa ukingoni. Beki wetu akaachia shuti la mbali, paki ikagusa fimbo ya mtu ikabadili njia. Paki hugandishwa kabla ya mechi ili isidundedunde, kwa hiyo ikikupata ni jiwe.

Nakumbuka barafu shavuni. Karibu na pua yangu palikuwa na mkwaruzo mwembamba wa kiatu cha mtu, na tone la damu likauingia, likaufuata taratibu, likaanza jekundu na kuishia rangi ya waridi. Nikafumba jicho la kulia, lile zima, nijue hali ya jingine. Mkwaruzo ukatoweka. Taa za uwanja mzima zikatoweka. Nikalifumbua upesi.

Kwenye benchi kocha aliniziba jicho zima kwa kiganja. "Vingapi?"

"Vitatu."

Nilibahatisha. Siku zote yeye huonyesha vitatu. Akanipiga bega, nikarudi barafuni.

Kichwani nilikuwa na Willie O'Ree. Tarehe 18 Januari 1958, akiwa na timu ya Boston Bruins kule Montreal, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada. Jicho lake la kulia lilikuwa limeshapofushwa na paki, naye akaficha, maana kanuni zisingemruhusu kucheza. Winga wa kushoto asiyeona kulia! Ilimbidi ageuze shingo yote kuitafuta paki, na bado akacheza hadi mwaka 1979, mengi ya miaka hiyo akiwa katika ligi za chini. Nampenda mtu yule hadi leo. Usiku ule nilimfanya kibali changu.

Kipindi cha tatu sikuziona pasi mbili zilizonijia kushoto. Ya pili mwenzangu aliikimbilia badala yangu, akagongwa na kuvunjika mfupa wa bega. Uoni wangu ulirudi baada ya siku tisa, si wote. Yeye msimu wake uliishia pale, na mpaka leo hajui niliona nini.

O'Ree alinyamaza kwa sababu mlango ungefungwa mbele yake. Mimi ningepumzishwa mechi mbili tatu tu. Nimeligeuzageuza hili miaka mingi, na kuna siku nalitetea, kuna siku siwezi.

Jumamosi mtoto anaanza mazoezi. Ameuliza kama anaweza kwenda na ile paki. Bado sijamjibu.