Shikamoo Tatu

Binti yangu alikuwa na miaka sita alipovunja chupa ya chai, ile niliyozawadiwa siku ya kuagwa kwetu. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba naanua nguo. Akaja, akasimama mbali kidogo, akasema, "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba, ingawa asubuhi tulikwisha kuamkiana. Baada ya muda akarudi: "Shikamoo mama." Aliponiamkia mara ya tatu niliweka nguo chini nikamuuliza, "Mwanangu, kuna nini?" Akaangua kilio.

Chupa hununuliwa nyingine. Kilichoninyima usingizi usiku ule ni ile sauti yake. Niliijua. Ndiyo sauti niliyokuwa naitumia mimi nikipiga magoti kando ya kitanda: "Ee Mungu Mwenyezi, Muumba wa mbingu na nchi, Mfalme wa wafalme, Bwana wa majeshi, mimi niliye mavumbi naja mbele zako..." Majina hayo ni matakatifu na yamo katika Maandiko. Lakini mimi niliyapanga kama mtoto anayerudia shikamoo, nipate kuchelewa kufika kwenye jambo lenyewe. Mara nyingi sikufika. Nilisema amina nikalala na jambo langu kifuani.

Nimekulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro, katika nyumba ya Kilutheri. Baba yangu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na nyumbani pia alikuwa na daftari. Aliandika nani hakukata majani ya ng'ombe, nani amejibu vibaya, na Jumamosi jioni daftari lilifunguliwa. Sitaki mtu amfikirie vibaya. Alitusomesha wote saba kwa mshahara wa ualimu na kahawa kidogo. Ila nilipofundishwa kwamba Mungu ni Baba, sikuwa na baba mwingine wa kumfananisha naye. Nikamvisha Mungu miwani ya baba yangu, nikampa na lile daftari.

Bibi yangu alikuwa tofauti. Yeye aliomba kwa Kichagga, na Mungu kwake alikuwa Ruwa, neno lilelile la jua. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walipofika mlimani mwaka 1893 walilikuta jina hilo, na Wakristo wa Kichagga wamelishika. Bibi aliomba huku anamenya ndizi, bila kubadilisha sauti. Nilipokuwa mdogo nilidhani kuna mtu anaongea naye jikoni.

Kwa muda nilihangaika. Nilikwenda kwenye mikutano ya maombezi ambako tuliambiwa tupande mbegu, yaani tutoe fedha, ili tupokee. Nilipanda. Mungu wangu akatoka kuwa mwalimu mkuu akawa mwenye duka, na dukani huingii na machozi, unaingia na fedha. Nikaacha.

Baada ya ile chupa, Kwaresima ikakaribia, nikanunua daftari dogo la shule. Kila usiku nikimaliza kuomba niliandika mambo mawili tu: nimeanzaje, na nimeomba nini. Wiki mbili zilipopita nikakaa nikalisoma. Siku 11 kati ya 14 nilikuwa nimeanza kwa kuomba msamaha wa makosa nisiyoyataja. Mara sita niliweka ahadi: ukinisaidia hili, nitafanya lile. Hakuna siku niliyomwambia Mungu kwamba nimefurahi. Hakuna siku niliyomuuliza swali.

Siku chache baadaye lilisomwa kanisani somo la talanta, zile fedha ambazo bwana aliwaachia watumwa wake watatu, Mathayo 25. Nimelisikia tangu utotoni, na siku zote nilihubiriwa kwamba yule mtumwa wa tatu alikuwa mvivu. Jumapili ile niliyasikia maneno yake mwenyewe: "Bwana, nalitambua ya kuwa wewe u mtu mgumu... basi nikaogopa, nikaenda nikaificha talanta yako katika ardhi." Kumbe alianza kwa kumwona bwana wake kuwa mgumu, kisha akaogopa, ndipo akachimba shimo. Na mimi nilikuwa na shimo langu.

Nikarudi kwenye Katekisimo Ndogo, kitabu cha mafundisho ya imani ya Kilutheri niliyoikariri wakati wa kipaimara. Akieleza maneno "Baba yetu uliye mbinguni", Martin Luther anasema Mungu anatuvuta tuamini kwamba yeye ni Baba yetu kweli, tumwombe bila hofu, kama watoto wapendwa wamwombavyo baba yao mpendwa. Jibu hilo nililitoa mbele ya mchungaji bila kukosa neno. Nilikuwa nimelikariri kwa kuogopa kuchapwa.

Na Luther aliyeliandika alikuwa amekwisha kutetemeka vya kutosha. Aliingia utawani Erfurt, Ujerumani, mwaka 1505 baada ya kunusurika radi, na uzeeni, mwaka 1545, alieleza kwamba siku zile za utawa alimchukia huyo Mungu mwenye haki anayewaadhibu wenye dhambi. Katekisimo ilitoka mwaka 1529, na maelezo hayo ya "Baba yetu uliye mbinguni" aliyaongeza mwaka 1531. Mwanawe wa kwanza, Hans, alizaliwa mwaka 1526, kwa hiyo wakati ule nyumbani mwake mlikuwa na mtoto mdogo anayekimbia. Napenda kuamini mtoto yule alimsaidia baba yake kulipata jibu lile.

Kulijua jibu hakukunipa sala. Nikisema "Baba" tu, daftari lilifunguka. Mama mmoja wa umoja wetu wa wanawake, mtu mzima aliyezika watoto wawili, akaniambia, "Mwanangu, anzia pale unapopaweza." Akanionyesha Isaya 66:13: "Kama mtu ambaye mama yake amfariji, ndivyo nitakavyowafariji ninyi." Bwana Yesu ametufundisha kusema Baba yetu, na hilo silibadilishi. Ila sikuwa nimewahi kuambiwa kwamba Mungu mwenyewe alikwisha kujilinganisha na mama. Mwezi mzima niliomba Zaburi ya 131 peke yake, ya mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake. Niliiomba nikiwa nimelala, bila magoti. Siku za mwanzo nilijiona mtovu wa adabu.

Kisha nikafika kwenye jambo lenyewe. Mdogo wangu alifariki ghafla akiwa na miaka 22. Kaburini tulisema, "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa," na mimi nilisema kwa nguvu kuliko wote. Tangu siku ile sikuwahi kumtaja katika sala. Maneno hayo Ayubu aliyasema katika sura ya kwanza, lakini kitabu kina sura 42, na nyingi ni za Ayubu kumhoji Mungu kwa uchungu. Mwishoni Mungu anawakasirikia rafiki za Ayubu, wale waliokuwa wakimtetea Yeye, anasema hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Nilisoma mstari ule mara nyingi sana.

Usiku mmoja nikaanza na Zaburi ya 13, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Halafu nikasema kwa maneno yangu: Ulikuwa wapi? Nikanyamaza, nikingoja kuchapwa. Sikuchapwa. Nililia mpaka kanga ikalowa, nikamtaja mdogo wangu kwa jina lake mbele za Mungu, nikaeleza alivyokuwa anacheka, na deni lake la shilingi elfu tano ambalo hakunilipa. Kulipopambazuka nilikuwa bado nipo palepale.

Sijaacha kumcha Mungu. Katekisimo inasema kumcha, kumpenda na kumtumaini kuliko vitu vyote, na kicho bila hayo mawili mengine kilinitesa miaka mingi. Nikisikia vijana wakimwita Mungu "mshikaji" bado nashtuka. Na nikiomba jambo langu mwenyewe, la afya au la ada, bado ulimi unakimbilia ahadi. Nikiligundua hilo, narudi mwanzo.

Baba yangu sasa ni mzee na hapati usingizi. Majuzi alipiga simu saa nane usiku, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akasema, "Mama, niombee." Hajawahi kunitamkia hilo pia. Nikakaa kitandani, nikafumba macho, nikaanza, "Baba..."

Masikio yake yamechoka. Akaitika, "Naam, mwanangu, nipo."

Nikanyamaza kidogo, kisha nikaendelea.