Mei, mwezi wa kupogoa Queen

Mei imeingia. Mvua zimekatika hapa Dodoma, majani ya mzabibu yamechakaa, na matawi ya msimu uliopita yameacha ukijani, yamekuwa ya kahawia na magumu. Huu ndio wakati wa kupogoa Queen of the Vineyard, aina ya zabibu ya mezani, na ndio wakati wa kukumbushana kwamba huku kwetu zabibu ya kuwahi kuiva haiwahi popote mpaka mwenyewe aamue siku ya mkasi.

Aina hii ilizalishwa Hungaria na János Mathiász mwaka 1916, kutokana na aina mbili za zabibu, Erzsébet királyné emléke na Csaba gyöngye. Hiyo ya pili ni kati ya zabibu zinazoiva mapema sana, na Queen imerithi haraka hiyo pamoja na harufu ya maskati, ile harufu tamu kama ya maua. Kwao baridi huulaza mzabibu, joto likirudi huuamsha, na Agosti matunda yako mezani. Dodoma, kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, hakuna baridi ya kuulaza. Siku zinahesabiwa tangu kupogoa: Queen huchukua kama siku 100, na aina za kuchelewa hufika 130 au zaidi. Usiku wa Juni na Julai ukiwa wa baridi, ongeza wiki moja au mbili.

Ukipogoa katikati ya Mei, utavuna mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, kukiwa kukavu kabisa. Wakulima wa zabibu za mvinyo huvuna tena Februari na Machi, na wengi wanaifuata ratiba hiyo hata nyumbani. Kwa Queen mimi siishauri. Zabibu ya mezani ikinyeshewa inapoiva, hunywa maji ghafla, ngozi hupasuka, nyigu na kuvu huingia, na kichala kizima huoza ndani ya siku chache. Mvua za Desemba zikichipusha matawi mapya, afadhali uondoe vichala vikiwa bado vidogo na uyaache matawi yakomae. Hayo ndiyo yatakayobeba zabibu za Agosti.

Sababu yake iko ndani ya jicho, yaani kitumba kilicholala kwenye tawi. Kichala cha msimu ujao huanza kuumbwa kwenye jicho wakati tawi la sasa bado linakua, na jicho lililokulia kivulini huumba majani matupu. Kwa hiyo unapochagua tawi la kubakiza, chukua lenye unene wa penseli, lililopata jua, lenye pingili fupi. Matawi manono yenye pingili ndefu yanavutia macho lakini mara nyingi hayana kitu. Ukiwa na shaka, kata jicho moja katikati kwa wembe: likiwa kijani ndani liko hai, likiwa la kahawia limekufa.

Kwenye kichanja cha mita 2 naupenda mzabibu wenye shina moja na mikono miwili. Juu ya kila mkono, kila baada ya sentimita 15 hadi 20, bakiza kipande cha tawi chenye macho mawili. Kata sentimita 2 juu ya jicho la mwisho, maana ncha ya mkato hukauka kurudi nyuma, na ukikata karibu mno jicho nalo hukauka. Vichala vikiwa haba mwaka hadi mwaka, jaribu macho manne au matano kwenye baadhi ya matawi. Baada ya kupogoa, mwagilia vizuri. Matone maangavu yatakayochuruzika kwenye mikato hayana madhara. Ni mizizi inasukuma maji.

Taabu ya nchi zisizo na baridi ni macho ya nchani kuchipua peke yake huku ya nyuma yakilala. Mashamba makubwa hutumia sainamidi ya hidrojeni kuyaamsha yote kwa pamoja. Nyumbani isiguswe: ni sumu inayopenya ngozi, na aliyeigusa akinywa pombe hupata madhara makali. Inatosha kupunguza maji wiki mbili au tatu kabla ya kupogoa, kupukutisha majani yaliyobaki, na kulikunja tawi refu liwe upinde mpaka machipukizi yatokee.

Matawi uliyokata yanafaa kwa miche. Kata vipande vya sentimita 25 hadi 30 vyenye macho matatu au manne, sehemu ya chini ukate sawa karibu na jicho, ya juu ukate mshazari ili usivipindue. Zika macho mawili kwenye mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza. Majani yakitoka mapema usihamishe mche, kwa kuwa hutoka kwa chakula kilichobaki ndani ya kipande, mizizi ikiwa haijaanza. Subiri miezi miwili hadi mitatu. Shimo liwe sentimita 60 kila upande, na samadi debe moja au mawili. Angalia mchwa kila wiki.

Vichala vikitokea, acha kimoja kwa kila tawi. Zabibu zikifika ukubwa wa choroko, kata ncha ya kichala, kama robo yake, kisha punguza punje za ndani kwa mkasi mwembamba. Wengi huona huruma hapa. Mzabibu uliobebeshwa kupita kiasi hutoa punje chachu zenye maji tupu, halafu matawi yake hayakomai na mwaka unaofuata unadai deni. Mzabibu wa miaka miwili vichala vitano vinautosha.

Ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu, ndio adui wa miezi mikavu. Huanza kama vumbi jeupe kwenye majani na punje changa, na punje iliyoshikwa hukakamaa ngozi na kupasuka ikinenepa. Salfa huzuia, ila haiponyi kilichokwisha kuharibika, hivyo nyunyiza machipukizi yakiwa na urefu wa kiganja, na asubuhi, kwa kuwa jua kali pamoja na salfa huunguza majani. Kingo za majani zikiungua bila dawa yoyote, chunguza maji: visima vingi huku vina chumvi. Usiongeze majivu kwenye udongo wa namna hiyo.

Maji yawe ya kiasi kilekile kila mara, kisha yapunguzwe punje zinapoanza kulainika. Wiki hiyohiyo funga wavu. Kichanja chako kitakuwa na zabibu za kwanza mtaani, na ndege kama shorwe hawangoji ziive.

Zabibu ikishakatwa haiongezi utamu. Rangi ya manjano pekee isikudanganye. Onja punje ya nchani mwa kichala, kwani huiva mwisho. Ikiwa tamu, mbegu zake za kahawia, na maskati inasikika puani unapotafuna, kata asubuhi kabla ya joto, ukishika kikonyo ili usifute ule unga mweupe wa asili. Usiviache vichala vining'inie wiki nyingi. Harufu huisha kabla ya sukari.