Mpira Nilioutoa Kigoma

"Baba, kwa nini hukupiga wewe?"

Mwanangu aliniuliza juzi, Idi pili, sinia la pilau bado liko mkekani na simu ndiyo kwanza imekatwa. Dogo, niliyecheza naye timu moja, alikuwa amepiga kama anavyopiga kila Idi, na kama kila Idi akairudia hadithi yake kwa sauti, mtoto akisikiliza: "Baba yako ndiye aliyenitoa mimi. Goli lilikuwa lake, akanipa." Miaka ya nyuma mtoto alikuwa akinitazama kwa fahari. Sasa ana miaka 12, anacheza na wenzake pale Isevya, na tangu ule msimu wa 2023/24, Tabora United na Mashujaa ya Kigoma zilipoingia Ligi Kuu pamoja, mpira kwake si mchezo tena. Anaupima. Anataka kujua nani alikaa wapi na kwa nini.

Nikamwambia akanawe mikono.

Nimecheza namba sita miaka 11. Shinyanga msimu mmoja, Kahama nusu msimu, Mpanda nikilala chumba cha uani kwa mwenyekiti, Urambo nikilipwa wakulima wakishauza tumbaku, halafu nyumbani Tabora, halafu nyumbani tena. Magoli matatu. Sioni haya kuyataja, kazi yangu haikuwa hiyo. Kazi yangu ilikuwa kusimama mbele ya mabeki, kunyang'anya, kumpa aliye karibu, na kurudi nilipokuwa. Niliipenda. Naipenda hadi leo, nikiona kijana anazima shambulizi kwa hatua mbili tu bila kuanguka chini, mwili unanisisimka.

Kigoma tulikwenda kwa treni, daraja la tatu, njumu zikiwa kwenye mfuko wa sandarusi miguuni. Posho tuliyoahidiwa haikuja, na waliotuahidi hawakupanda treni. Tulikula karanga mpaka Kaliua, tukalala tumeegemeana mpaka Uvinza, wauza chumvi wakatuamsha kwa kugonga madirisha. Asubuhi ya mechi wenyeji wetu wa Mwanga walitupa ugali wa muhogo na mgebuka wa kuchoma, na sijawahi kula samaki mtamu kama yule. Mechi ilikuwa ya mwisho. Sare ilikuwa haitusaidii kitu.

Uwanja wa Lake Tanganyika, mvua imekatika, ardhi bado inanyonya miguu. Dakika za nyongeza, bado sifuri kwa sifuri. Tukapata kona.

Kwenye kona mimi hubaki nje kidogo ya kumi na nane, kusubiri mpira unaotemwa. Kipa wao akatoka, akaupangua kwa ngumi, akaanguka juu ya beki wake. Mpira ukapaa, ukadunda mara moja, ukaja kwangu taratibu kwa sababu ya tope. Ulikuwa mpira uliochoka. Kipande kimoja cha ngozi kilikuwa kimeachia uzi, na kila ulipozunguka kilikuwa kinainuka na kulala, kinainuka na kulala, kama kope la jicho. Nakumbuka nilikitazama kile kipande. Nakumbuka upande wa kushoto wa goli ulikuwa wazi kabisa, na pale chini karibu na mlingoti wavu ulikuwa umetoboka, mtu akauziba kwa fundo la kamba ya katani. Nililiona lile fundo waziwazi kama ninavyoona kikombe hiki. Benchi letu lilikuwa linapiga kelele, "Piga! Piga!" Mguu wa kulia nikauinua.

Nikautoa. Pasi ya hatua tano hivi, kwa ubavu wa mguu, kulia, alikokuwa dogo ameinua mkono. Akaupiga bila kuutuliza. Ukagonga mlingoti kwa ndani, ukaingia.

Mengine yalikwenda haraka. Tulibebwa. Kocha alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akaniambia pale nimeonyesha utu uzima wa mpira. Jukwaani alikuwapo mtu aliyetoka Dar es Salaam kutazama wachezaji, na haukupita mwezi dogo akaondoka Tabora na begi moja. Alicheza vizuri huko alikokwenda, akajenga, akaoa. Mtaani kwetu mpaka leo wazee wakinipita barazani husema, huyu ndiye aliyemwachia mwenzake riziki. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiisimulia habari hiyo misibani.

Sijawahi kumkatisha mtu yeyote.

Lakini mguu uliinuka. Hilo hakuna aliyeliona, au walioliona walidhani ni danganya toto ya kumpoteza beki. Uliinuka kwa nia ya kupiga, na ulipokuwa juu niliuona mpira ukipaa juu ya mtambaa panya na kupotelea nyuma ya goli. Niliwaona wenzangu wote ndani ya behewa, safari nzima ya kurudi, kimya, hakuna anayenilaumu. Na nilimsikia dogo akiita, "Kaka!" Mambo hayo mawili, ile picha na ile sauti, ndiyo ninayoyapanga na kuyapangua miaka yote hii usiku usingizi ukikataa. Kama sauti ilitangulia, basi nilimpa. Kama picha ilitangulia, basi niliogopa, na yeye alikuwa mahali pa kukimbilia tu. Yote yalitokea kabla mguu haujashuka.

Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa uwanja ule ule, Simba na Yanga. Niliitazama kibanda umiza, nimebanana na vijana. Dakika ya 79 ikapigwa kona, na Taddeo Lwanga wa Simba, kiungo mkabaji, namba yangu, akaingia ndani akafunga kwa kichwa. Moja bila, na mechi ikaisha hivyo. Banda lililipuka, nusu wanaruka, nusu wameshika vichwa. Mimi nilikuwa bado naitazama ile mbio yake kutoka nyuma. Alikwenda. Hakusubiri mpira utemwe. Nilitoka nje nikakaa kwenye gogo chini ya mwembe mpaka watu walipoanza kutawanyika.

Mwanangu alirudi mikono inachuruzika maji, akasimama palepale mlangoni.

"Alikuwa amekaa vizuri kuliko mimi," nikamwambia.

Akafikiri, kichwa kimeinamia upande, kama anachora uwanja hewani.

"Mbona anko anasema alikuwa na beki mgongoni?"

Mpira ule naujua mpaka uzi wake. Wavu naujua mpaka fundo. Huyo beki simkumbuki.