Kifafa cha Baba na vita vya Kagera

Leo nimerudishiwa faili la Baba la kuomba fidia ya jeraha la vita, likiwa na swali moja: kama aliumia 1979, mbona kifafa kilianza 1982? Barua ya kujibu nimeshaiandika. Ila nimeona niandike na hapa, kwa sababu wazee wenye hali kama yake mkoani kwetu Tabora wapo, na watoto wao watakutana na swali hilihili.

Baba alikuwa mgambo. Alitoka Urambo mwishoni mwa 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia Kagera na Mwalimu kutangaza vita. Walipanda treni hapa stesheni kwenda Mwanza, vijana watupu. Machi 1979 walikuwa Lukaya, kwenye ile barabara inayokatiza kinamasi kuelekea Kampala, kombora likaanguka karibu yao. Kipande cha chuma kilimwingia juu ya sikio la kushoto. Yeye anakumbuka kishindo, basi. Kinachofuata ni kujikuta kitandani, kichwa chote bandeji, wenzake wakimwambia ni siku ya pili hiyo. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili, Baba alikuwa bado anayumba akitembea.

Alirudi, akaoa, akalima tumbaku. Kwa kumtazama ungesema kapona. Halafu siku moja akaanguka ndani ya bani wakikausha tumbaku, na mkono wa kulia ukalalia bomba la moto. Kovu hilo limeanzia kiwikoni likashuka hadi karibu na kiganja, gumu, linang'aa. Baba huvaa mikono mirefu hata Oktoba, jua la kupasua kichwa, na hajawahi kutuambia kwa nini.

Waliokuwepo siku ile walikimbia. Waliogopa povu, wakiamini ukiligusa nawe unakipata. Wakasema karogwa, wakasema mashetani ya huko alikotoka. Akazungushwa kwa waganga mpaka mbuzi wakaisha. Aliyemwokoa ni tabibu mmoja wa kituo cha afya aliyemuuliza, "Mzee, uliwahi kuumia kichwa?" Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Akaanzishiwa fenobabitoni, vidonge vya kuzuia kifafa, na anavimeza kila usiku hadi leo. Vikikosekana kituoni tunanunua, na tusipopata, anaanguka.

Sasa jibu la swali lao. Jeraha la ubongo likipona linaacha kovu, na seli zilizo jirani na kovu hilo zinaweza baadaye kuanza kurusha umeme wake ovyo. Hiyo inaweza kuchukua miezi, inaweza kuchukua miaka. Wamarekani waliwafuatilia wanajeshi wao waliotobolewa fuvu katika vita vya Vietnam; miaka 15 baada ya majeraha, zaidi ya nusu yao walikuwa wamepata kifafa, na wapo walioanguka kwa mara ya kwanza ikiwa imepita zaidi ya miaka 5. Miaka 3 ya Baba haina ajabu yoyote. Chuma kupenya fuvu ndiyo aina ya jeraha inayoleta kifafa kuliko nyingine nyingi.

Huko Marekani jambo hili limeingia hadi kwenye kanuni za fidia. Tangu Januari 2014, mwanajeshi mstaafu ambaye jeraha lake la ubongo limekubalika kuwa la kazini, na lilikuwa la wastani au kubwa, akipata kifafa kisicho na chanzo kingine, kinahesabiwa kuwa kimetokana na jeraha lile, labda upatikane ushahidi wa wazi wa kupinga. Ukubwa wa jeraha hupimwa kwa mambo kadhaa, mojawapo ni muda wa kuzimia: kupita nusu saa ni wastani, kupita saa 24 ni kubwa. Malipo nayo yanafuata mara ambazo mtu anaanguka. Anayeanguka vibaya kwa wastani wa mara moja kila mwezi kwa mwaka mzima anapewa kiwango cha juu kabisa, asilimia 100.

Najua kanuni ya Marekani haina nguvu kwenye ofisi ya huku. Lakini kuna kipengele kilichonigusa sana. Daktari anatakiwa awe amethibitisha kwamba huu ni ugonjwa kweli. Idadi ya kuanguka, hata hivyo, inaweza kuelezwa na watu wa kawaida waliomwona, mradi maelezo yao yawe ya kuaminika na yasigongane. Yaani mke na watoto. Na ndivyo inavyopaswa, kwa sababu kifafa hakisubiri siku ya kliniki. Baba anaanguka alfajiri, na daktari hajawahi kumkuta akianguka.

Mama ana daftari la shule alilolianza mimi nikiwa darasa la tatu. "Jumanne, kabla ya adhana. Mkono wa kulia ulianza. Kauma ulimi. Kalala mpaka saa nne, akaamka hanijui." Kurasa na kurasa namna hiyo, kwa kalamu za rangi mbalimbali. Hakuna aliyemwagiza. Naona hakuna taarifa ya hospitali inayomjua Baba kuliko daftari hili, na huo mkono wa kulia unaotangulia kila mara unaendana na jeraha la upande wa kushoto.

Jeraha lenyewe ndilo limebaki kushuhudiwa. Karatasi ya Baba ya kuruhusiwa jeshini ipo, imetunzwa kwenye nailoni, namba inasomeka ila muhuri umefifia. Wawili waliombeba siku ile wameshafariki. Wa tatu yuko Nzega. Nilipompigia na kumwamkia shikamoo, baba mdogo alisema, "Marahaba mwanangu. Damu yake ilinilowesha mgongo mzima. Njoo na huyo wakili, nitaapa."

Tunakwenda Jumamosi. Jumatatu napeleka hati ya kiapo, cheti cha daktari na nakala za daftari, ukurasa kwa ukurasa. Daftari lenyewe Mama amekataa lisitoke nyumbani, na nimekubaliana naye.