Ellora, kutoka pango namba 10 hadi namba 16

Jana nimeshinda Ellora, jimbo la Maharashtra, India, na miguu bado inaniuma. Mapango 34 ya ibada, ya kuchongwa, kwenye ukingo mmoja wa mlima: 12 ya Wabudha, 17 ya Wahindu, 5 ya Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India. (Ya Wajaini niliyaruka, jua lilishanimaliza.)

Lililonishika ni namba 10, la Wabudha. Ukiinua kichwa unaona boriti za paa zimejipanga kama mbavu. Kumbe ni jiwe tupu! Fundi kachonga mwamba ufanane na mbao, boriti zisizobeba chochote. Mbele ameketi Buddha, nyuma yake stupa, kuba la ibada la Wabudha. Watoto wa shule waliokuwa wakipiga kelele nje, humo ndani walinong'ona.

Halafu namba 16, Kailasa, hekalu la Shiva, mungu wa Wahindu, karne ya 8, enzi za mfalme Krishna wa Kwanza. Hapa huingii pangoni. Walikata mlima kutoka juu kwenda chini, hekalu zima likabaki limesimama uwanjani, juu yake anga. Tembo wa mawe wamelibeba, wengi mikonga imekatika. Sasa fundi akikosea nyundo hapo, anabandika nini?

Kwa ukubwa, Kailasa halina mpinzani. Ila mimi nikipata nauli tena, nakwenda kukaa namba 10.