Karatasi ya utaratibu huanzia kwenye pleti

Jumanne, usiku

Inaniuma kuona karakana ya kiwanda ikinakili ampea za kwenye pakiti ya vijiti, ikagonga muhuri na kuuita utaratibu wa kuchomelea. Mezani huandikwa rasimu tu. Karatasi yenyewe hutokana na pleti ya majaribio.

Tuchukue pleti za A36, chuma cha kawaida cha ujenzi, unene milimita 12, na vijiti vya E7018, vya haidrojeni kidogo. Kila ukingo ukatwe nyuzi 30, zikikutana zitoe V ya nyuzi 60. Mwanya kati ya pleti, chini ya V, milimita 3, ncha isiyokatwa milimita 1.5. Mzizi, yaani pasi (tabaka la mshono) ya kwanza chini ya V, upigwe kwa kijiti cha milimita 2.5, pasi zinazofuata kwa 3.2. Umeme wa DC, kijiti kwenye chanya.

Kila pasi iandikwe papo hapo, si jioni kwa kukumbuka. Volti zipimwe karibu na mshono, kwa sababu nyaya ndefu hula volti na mita ya mashine haionyeshi hilo. Linalosahaulika zaidi ni mwendo. Shika saa, pima urefu wa mshono, gawanya. Halafu volti mara ampea mara 60, ugawe kwa elfu moja mara mwendo wa milimita kwa dakika: unapata kilojuli kwa kila milimita.

Mshono wa bapa, volti 24, ampea 125, mwendo 160, hutoa 1.1. Wa wima kwenda juu, volti 23, ampea 110, mwendo 80, hutoa 1.9. Ampea zimeshuka, joto limepanda! Chuma kinachotakiwa kuhimili kishindo kwenye baridi hakivumilii tofauti hiyo, na aliyeandika ampea peke yake hataiona.

Vijiti navyo. Tanuri la kuvitunzia lisishuke chini ya nyuzi 120 za Selsiasi. Unyevu huleta vitundu, lakini ubaya wake mkubwa ni haidrojeni: kwenye pleti nene au chuma kigumu, ufa huweza kutokea kesho yake, mkaguzi akiwa ameshaondoka.

Kwa ASME IX, kanuni ya Marekani ya kupima taratibu za kuchomelea, pleti hii hukatwa vipande viwili vya kuvuta na vinne vya kukunja: viwili uso nje, viwili mzizi nje. Cha kuvuta kisipungue megapaskali 400. Cha kukunja kisifunguke zaidi ya milimita 3. Ikipita, utaratibu unafaa unene wa milimita 5 hadi 24.

Mzizi ukifunguka, usikimbilie kumlaumu fundi. Soma mstari wa pasi ya kwanza. Mara nyingi mwanya ulijifunga baada ya kushikiza pleti, ukabaki milimita 2 au chini yake, moto haukufika chini. Au slegi ya mzizi, lile ganda la uchafu juu ya mshono, haikupigwa grenda ikamezwa na pasi ya pili. Rekebisha rasimu, chomelea pleti mpya. Namba za pleti iliyofeli zibaki kama zilivyoandikwa.