Kutoka usawa wa bahari hadi geti la Marangu kwa baiskeli

Sisi waendesha baiskeli wa Mombasa tuna upungufu mmoja ambao mazoezi yetu ya kawaida hayauzibi: hatuna mlima. Daraja la Nyali huisha kabla pumzi haijabadilika, na mwinuko wa maana ulio karibu nasi ni ule wa kutoka Kombani kwenda Kwale, mji uliokaa juu ya Shimba Hills kwa kimo cha karibu mita 400. Hata huko barabara hupanda, ikatulia, ikashuka kidogo, na mtu akapata nafasi ya kuacha kunyonga na kunywa maji. Nafasi hiyo ndiyo iliyoadimika nilipopanda kutoka mji wa Himo hadi geti la Marangu, lango la hifadhi lililo upande wa kusini-mashariki wa Kilimanjaro, na ninaandika kwa sababu wenzangu wengi wa Pwani hudhani kwamba ugumu wa njia ile unatokana na hewa.

Hewa ina sehemu yake, lakini ni ndogo. Geti liko kwenye mita 1,870 hivi, ambako mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 80 ya ule tuliouzoea ufukweni. Mapafu hulihisi jambo hilo, ila hayashindwi. Kazi kubwa iko katika umbo la mlima. Kwenye milima iliyokunjamana, barabara huvuka matuta na mabonde, na kila bonde humpa mpandaji mapumziko. Kilimanjaro ni volkano tatu zilizokua pamoja, yaani Shira, Mawenzi na Kibo, na lava na majivu yake yalijenga mteremko unaoanza kwa upole mbali na kilele, kisha ukazidi kusimama kadiri unavyokaribia juu. Barabara inayofuata mgongo wa mteremko huo haina sababu ya kushuka. Inakukaribisha vizuri ukiwa na nguvu, halafu inakaza ukiwa umechoka.

Si volkano zote zenye tabia hiyo. Haleakalā, kule Hawaii, ilijengwa na lava nyepesi iliyotiririka mbali kabla ya kuganda, ndiyo maana barabara yake inatoka baharini hadi mita 3,055 kwa takriban kilomita 58, kwa mwinuko wa wastani wa kama asilimia tano unaokaribia kulingana njia nzima. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na baadaye akashinda Tour de France mara nne, alizoea kufanya mazoezi kwenye Teide, volkano ya kisiwa cha Tenerife, na nadhani ninaelewa kwa nini: mahali pengine ni vigumu kupata barabara inayomlazimisha mtu afanye kazi ileile kwa muda mrefu bila kukatizwa.

Hesabu yake ni rahisi. Mtu na baiskeli yake wakiwa na kilo 85 kwa pamoja, kuwapandisha mita 1,000 kunahitaji kilojuli 834, bila kuhesabu msuguano wa matairi. Anayetoa wati 150 atatumia zaidi ya saa moja na nusu, na akijaribu kutoa 250 mwanzoni kwa sababu Himo inaonekana tambarare, ataulipa mkopo huo kwenye migomba ya Marangu. Wapo wanaopenda kupanda kwa kusimama juu ya pedali. Mimi naona ni maonyesho tu, isipokuwa kwenye kona za ndani ambako hakuna njia nyingine.

Niliingia kupitia Taveta na Holili. Pande za Himo na Rombo zimetawanyika vilima vidogo vya volkano, na ziwa Chala lenyewe, lililoko mpakani, limejaa ndani ya kreta. Baada ya hapo joto la nyanda za chini hupungua, na vihamba vya Wachagga vinaanza, migomba juu na mibuni chini yake, pamoja na mifereji ya maji iliyochimbwa kwa mkono. Kupita Marangu Mtoni nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi mbivu kama geti liko mbali. “Pole na safari, baba,” alisema, “si mbali, ni pale tu juu.” Katika kipande hicho cha “pale tu” ndipo nilipotumia giya yangu nyepesi kuliko zote hadi mwisho.

Kuhusu mazoezi, upepo wa kusi ni mwalimu mzuri kuliko wengi wanavyodhani. Kurudi kutoka Kilifi ukiukabili huzoesha miguu kusukuma mfululizo, lakini kuna tofauti mbili. Kwenye upepo baiskeli huenda kasi kidogo na mwili hupoa, ilhali mlimani kasi hushuka na jasho halikauki. Na kwenye tambarare mtu huzungusha pedali upesi, wakati mlimani mzunguko huwa mzito na magoti ndiyo yanayobeba. Kwa hiyo anayetoka Pwani abadilishe giya za nyuma kabla ya safari: meno 34 mbele na 34 nyuma yanatosha kwa mtu wa kawaida, na 36 nyuma si aibu. Akague na breki, kwa kuwa mteremko ule usio na mapumziko wakati wa kupanda hauna mapumziko wakati wa kushuka pia, na rimu hupata moto. Abebe koti jepesi la upepo, maana jasho la kupandia hugeuka baridi kabla hajafika Mtoni.